Mwanangu Alivuja Maziwa, Nikamwongezea Samli

Nimekosa. Nasema mapema kabla hujanionea huruma, maana nikianza na habari ya mwanangu kulazwa hospitalini utanihurumia bure. Mgonjwa alikuwa yeye. Aliyemchelewesha kupona ni mimi mama yake, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kijiko, tena huku nikimwimbia.

Mimi ni bibi wa Samuye, huku Shinyanga. Nimefuga ng'ombe tangu nikiwa binti, na kama kuna kitu ninachojivunia hapa duniani ni samli yangu. Maziwa nayasuka mwenyewe kwa kibuyu. Watu wanatoka mjini kuifuata.

Mwanangu nitamwita Masanja, siyo jina lake. Ana mke, Mama Kulwa, binti wa wakulima wa Ushirombo, na watoto mapacha. Masanja anachimba dhahabu kule Geita. Siku moja miti inayoshikilia kuta za duara, lile shimo lao la kuchimbia, iliachia akiwa anapanda. Akaanguka. Wenzake walimtoa akiwa hai, lakini mfupa wa kiunoni ulikuwa umevunjika na miguu haina nguvu.

Tukampeleka hospitali kubwa. Jina nitaliacha, hawana kosa. Madaktari wakasema mfupa wenyewe umekaa mahali ambapo ni afadhali waufikie kwa mbele, wapitie tumboni, kisha wauunge kwa vyuma. Nikauliza kama wameelewa kwamba mgonjwa anaumwa mgongo. Nesi akasema wameelewa.

Upasuaji ukaenda vizuri. Masanja alipozinduka akatikisa vidole vya miguu, nami nikapiga vigelegele mpaka nikatolewa wodini.

Laiti ningebaki huko huko nje!

Walikuwa wamemwekea mrija ubavuni wa kuteremsha maji ya kidonda kwenye chupa ya plastiki iliyoning'inia kitandani. Mwanzoni yalitoka maji mekundu mekundu, wakasema ni kawaida. Kisha mgonjwa akaruhusiwa kula, akala wali na mchuzi wa nyama. Mchana wake mrija ukaanza kutoa kitu cheupe.

Siyo cheupe cha usaha. Cheupe cha maziwa. Mimi ni mfugaji, maziwa nayajua. Yalikuwa kama ya ng'ombe aliyezaa juzi.

Nesi aliyekuja kubadilisha chupa alisimama akaitazama, akaenda kumwita mwenzake, na huyo naye akamwita wa tatu. Wagonjwa wenye magongo wakasogea. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Kahama, mguu wake umefungwa umening'inizwa juu, hawezi kusogea ila macho na mdomo vinafanya kazi. Aliitazama ile chupa muda mrefu, halafu akaniambia taratibu kwamba kama ni yeye, angemkamua mwanangu asubuhi na jioni ili asivimbe.

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza laana gani hii, mwanamume mzima, baba wa mapacha, anatoa maziwa.

Daktari akaja. Kijana mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Akatuweka mimi na Mama Kulwa pembeni akatueleza. Alisema hayo siyo maziwa. Alisema mwilini kuna mirija mingine, siyo ya damu, myembamba kama uzi, inayobeba maji yanayoitwa limfu. Mafuta tunayokula yakishasagwa tumboni hayaingii kwenye damu moja kwa moja, yanapitia kwanza kwenye mirija hiyo, na baadhi yake imepanda karibu kabisa na uti wa mgongo. Wakati wa kuufikia mfupa, mmoja umechanika. Ndiyo maana akila mafuta yanavuja pale, meupe. Alisema ni jambo la nadra sana, yeye mwenyewe alikuwa amelisoma tu.

Dawa yake, akasema, ni kuuachia mrija upumzike ujizibe. Mgonjwa asile mafuta kabisa. Asile nyama ya mafuta, karanga, maziwa wala siagi, na mboga isikaangwe. Ale ugali, maharage ya kuchemsha, matunda, ute mweupe wa yai.

Mama Kulwa akauliza maswali. Parachichi je? Hapana. Dagaa? Hapana. Akawa anayarudia kwa sauti ili asisahau.

Mimi nilitikisa kichwa tu. Kutikisa kichwa siyo kukubali. Moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu za kifugaji. Ng'ombe akikamuliwa sana hulishwa sana. Mtoto wangu anatoka maziwa usiku na mchana, halafu mnaniambia nimnyime maziwa? Atabaki na nini ndani?

Na kuna jingine, niliseme nitoe dhambi yote. Nilikuwa naona wivu. Tulipanga chumba karibu na hospitali, na Mama Kulwa ndiye aliyepika. Alipika vile vile alivyoambiwa. Kabichi ya kuchemsha na chumvi. Maharage meupe ya huzuni. Masanja akila anakunja uso, na mimi nikiona uso wa mwanangu umekunjwa najiambia kwamba huyu binti wa Ushirombo, ambako watu wanajua jembe hawajui ng'ombe, ataniulia mtoto kwa kabichi.

Nikamwambia apumzike, mkwe wangu, uji wa asubuhi niachie mimi. Akanishukuru. Jamani, akanishukuru!

Samli nilikuwa nimekuja nayo kutoka nyumbani. Ili isijulikane nikaitia kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, haya ya kujipaka, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi ya kwanza nilikoroga kijiko kimoja kwenye uji. Masanja akanywa funda moja, akasita, akanitazama. Nikamkonyeza. Akaunywa wote, akalamba kikombe.

Mchana chupa ikawa nyeupe kuliko jana.

Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi niliona chupa imejaa, nikasema masikini, leo amepoteza mengi zaidi, kesho nimwekee vijiko viwili. Kesho yake akapoteza mengi zaidi. Nikaongeza. Tukaendelea hivyo, mimi namwaga juu, chupa inapokea chini, na daktari katikati anakuna kichwa.

Siku moja nusura niumbuke. Yule mzee wa Kahama ngozi ilikuwa imemkauka kwa kulala, akaniona na kopo, akaomba mafuta kidogo ajipake. Ningemnyimaje mafuta ya mgando mzee aliyefungwa mguu? Nikampa. Akajipaka mikono, akajipaka uso, akamalizia kwenye ndevu na upara. Jua la dirishani lilipompiga akaanza kunukia. Wodi nzima ikanukia kama jiko la harusi. Paka wa hospitali, ambaye kwa kawaida hakanyagi humo, akaingia akakaa chini ya kitanda chake akawa anamtazama upara. Mzee akalamba kidole, akatafakari, akaniuliza mafuta haya yanatengenezwa nchi gani. Nikamwambia yanatoka nje. Akasema huko nje wamebarikiwa.

Nilicheka peke yangu njia nzima. Nilidhani nimeshinda.

Lakini Masanja alikuwa anakonda. Hilo sikulielewa. Ninavyomlisha vile, mashavu yanaingia ndani, macho yanakuwa makubwa, akinyanyua kikombe mkono unatetemeka. Daktari akatuita wote kitandani akauliza nani anampikia mgonjwa.

Hapa ndipo pabaya. Uji wa samli naweza kujitetea nao mbele ya Mungu, nitamwambia nilimpenda mwanangu. Hili sina la kujitetea.

Nilisema anapika Mama Kulwa. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwao wamezoea kupika na mafuta mengi, labda mkono unamzidi.

 Mama Kulwa alimgeukia mumewe. Alimtazama tu, anangoja aseme neno moja. Na Masanja wangu, aliyekuwa ameshushia vijiko vinne vya samli asubuhi ile ile, akatazama dari kama anahesabu mbao.

Mkwe wangu akaweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Basi, mama. Mlishe wewe."

Jioni akawa ameshapanda basi la kwao Ushirombo. Nami, badala ya kumkimbilia, nikapiga simu kwa shemeji zangu, baba zake wadogo Masanja, nikawaeleza kwamba mke amemkimbia mgonjwa baada ya kumlisha mafuta. Wakanipa pole. Wakasema wanawake wa siku hizi. Nikapokea pole zile na kuzikalia.

Baada ya hapo nilibaki na mgonjwa peke yangu, sina wa kunikagua. Nilimpikia michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na karanga za kutwanga. Nikamwekea samli kwenye maharage. Chupa ikawa haikauki. Masanja akawa hawezi kukaa bila kushikwa.

Asubuhi moja daktari akaniita chumbani kwake. Akasema wamejaribu chakula bila mafuta na haikusaidia, kwa hiyo itabidi wamrudishe upasuaji wakautafute ule mrija. Akasema ni kazi ngumu, mrija wenyewe ni uzi, unaweza usionekane. Na mgonjwa amekuwa dhaifu, asiyejua hatari ya kumfungua tena mtu wa hali hiyo na ajue sasa.

Nikamuuliza kama wagonjwa wengine wenye tatizo hili nao hufunguliwa tena.

Akasema mara nyingi hapana. Wengi hupona kwa chakula tu, wakifuata. Kisha akasema jambo jingine. Alisema anasikitika kwamba yule mke hakufuata maelezo, maana alikuwa ameuliza maswali mazuri kuliko ndugu wengi aliowahi kuongea nao.

 Nikaiona sura ya Mama Kulwa akirudia parachichi hapana, dagaa hapana. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa kopo, nikaliweka juu ya meza yake.

Akalichukua akasoma maandishi. Akasema haya ni mafuta ya kujipaka, hayana shida. Nikamwambia afungue. Akafungua, akanusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni samli ya ng'ombe wangu. Anainywa kwenye uji kila siku. Mkwe wangu hajawahi kumpa hata tone."

Daktari akageukia dirishani akanipa mgongo. Mabega yakawa yanatikisika. Nikajua nimemliza mtoto wa watu, nikaanza kulia na mimi. Alipogeuka nikaona alikuwa anacheka, lakini ni kile kicheko cha mtu aliyechoka, na kikaisha haraka. Akaniambia nilikuwa namfungulia bomba kila asubuhi halafu wao wanashangaa kwa nini dimbwi halikauki. Akasema upasuaji utasubiri. Kwanza mgonjwa hatakula chochote, atalishwa kwa dripu mshipani mpaka maji yapungue. Kisha atarudi kwenye chakula kisicho na mafuta. Na mpishi, akasema kwa adabu zote, asiwe mimi.

Nikarudi kwa Masanja nikamwambia nimesema yote. Akafumba macho.

"Mayu, mama yangu, mimi ndiye nilipaswa kusema," akanijibu. "Nilijua. Ulikuwa mtamu tu ule uji. Kamlete mke wangu."

Sijawahi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Siku ile nilikwenda bila taarifa, bila mbuzi, bila hata kanga ya kubadilisha, nikiomba ndani ya basi kwamba niwakute wachache. Nikawakuta ni siku ya jumuiya. Ua mzima umejaa majirani wanasali, na baba yake Mama Kulwa ndiye anayewaongoza.

Waliponiona wakadhani nimeleta shida ya mgonjwa ili iombewe. Nikapewa kiti cha mbele. Mwongozaji akasema kwa upole kwamba mama mkwe wa binti yetu amesafiri kutoka mbali, atuambie nia yake tumwombee. Wote wakainamisha vichwa.

Nikasimama. Nikaanza kwamba naomba mniombee mwanangu anayetoa maziwa. Vichwa vyote vikainuka pamoja.

Basi ikabidi nieleze. Nikaeleza mrija, uji, kopo, mzee wa Kahama na paka. Nilipofika kwenye paka mama mmoja nyuma akashindwa, akajifunika kanga usoni, na kicheko kikamtoka kama chafya. Kikapita ua mzima. Hata mkwe wangu mwongozaji alijifanya anatafuta kitu ndani ya kitabu cha sala.

Mama Kulwa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, Doto mgongoni, Kulwa ameshika sketi.

Nikaacha kuchekesha watu. Nikasema mbele yao wote kwamba nilimsingizia, kwamba alipika sawasawa na mimi ndiye niliyeharibu. Nikapiga magoti mbele ya mtoto niliyemzidi miaka ya kumzaa. Wazee wakanikimbilia kuninyanyua, wakasema haifai.

Aliniita jikoni watu walipotawanyika. Akaniwekea kigoda, akanipa maji. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"La samli nimekusamehe, mama, ulikuwa unamhangaikia mwanao. La kunisema bado. Nitarudi kumpikia kwa sababu ni mume wangu."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia nianze na simu.

Nikawapigia shemeji zangu mmoja mmoja pale pale jikoni, sauti imefunguliwa wasikie na ndugu zake. Nikawaambia niliwadanganya. Wa kwanza alinifanya nirudie mara mbili, akidai mtandao ni mbovu. Wa pili alisema ndiyo maana Masanja alikuwa anasifu uji kwenye simu. Wa mwisho alisikiliza yote, akahema, akauliza kama kwenye kopo imebaki kidogo.

Tukarudi wote hospitalini. Masanja alipomwona mkewe akaanza kuomba msamaha kabla hajafika kitandani, na yeye akamwambia anyamaze atachosha kidonda. Baada ya dripu akaanza kumpikia kabichi yake na maharage yake. Na mimi nikala kile kile, sahani moja na mgonjwa, bila kulazimishwa. Nawaambieni, kabichi ile ni adhabu kamili.

Chupa ikaanza kubadilika. Weupe ukafifia ukawa kama maji ya mchele, halafu kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Halafu yakapungua, yakawa matone. Siku walipouchomoa mrija, mzee wa Kahama alitangaza kwa wodi nzima kwamba ng'ombe amekauka.

Sasa Masanja yuko nyumbani Samuye na mkewe na mapacha, anatembea na mkanda wa kiunoni. Machimboni harudi, daktari amekataa, anajifunza kutengeneza pikipiki mjini Shinyanga. Uzito alioupoteza kwa sababu yangu ulichukua msimu mzima kurudi. Na kijijini sina tena jina langu. Naitwa Mama Kopo. Hata watoto wakinipa shikamoo wanasema shikamoo Mama Kopo, nami naitikia marahaba, nifanyeje?

Ila kilichoniuma kuliko jina ni jiko. Mama Kulwa alinisalimia vizuri, alinitengea chakula, aliniita mama. Lakini kila nilipoingia jikoni kwake aliacha anachofanya akasimama mpaka nitoke.  Alisimama tu. Nikajifunza kukaa nje.

Juzi alikuwa amebandika mchicha, akaitwa kisimani, ndoo imetumbukia. Akatoka, akafika katikati ya ua, akageuka.

"Mama, niangalizie mboga."

Nikaingia. Nikakaa mbele ya lile sufuria mikono nimeikalia. Niliiangalia mboga ile kama mlinzi wa benki. Maji yakapungua, nikaangalia. Yakakauka, nikaangalia. Ikaanza kunukia vibaya, nikajiuliza niongeze maji, nikaogopa, nani ajuaye maji nayo kama yanaruhusiwa? Sikukoroga, nisije nikaambiwa nimetia kitu. Moshi ukatanda.

Mama Kulwa akarudi mbio na ndoo. Akaona sufuria jeusi. Akaniona mimi, macho yanatiririka moshi, mikono bado nimeikalia.

Akauliza mbona sikuipua. Nikamwambia hukuniambia niipue, uliniambia niiangalie.

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, maji ya ndoo yakamwagika, mapacha wakaja kuona bibi amefanya nini tena. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Ndugu zangu mnaouguza, nisikilizeni mimi niliyeharibu. Daktari akikataza kitu nawe huelewi, mwulize. Ukiona hana akili, mbishie mdomoni, ana kwa ana, usiende kumbishia kwenye sufuria, maana atakayejibu ni mgonjwa. Na mkikosea, kosa libebeni wenyewe. Msimtwishe mkwe. Mimi nilimtwisha, na kumtua imenichukua muda mrefu kuliko mrija wa mwanangu kujiziba.